Rundo la Tatu

Mlio ulionishtua kwanza haukuwa mkubwa. Ulikuwa mngurumo wa chini, wa kwenda na kurudi, kama behewa linalosukumwa kwa mikono juu ya kipande kifupi cha reli, na ulinifikia kitandani alfajiri moja ya kiangazi, katika chumba cha gite, nyumba ya wageni, kilichotazama ua wa idara ya ujenzi, Kalemie. Nililala kimya nikihesabu. Mizunguko kumi na miwili, kimya, kifuniko cha chuma kikifunguliwa, maji yakimwagwa. Kisha mizunguko kumi na miwili tena. Anayehesabu namna hiyo hachezi. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, nina shahada ya uhandisi na nusu ya tasnifu, na nilielewa kabla sijavaa viatu kwamba kule uani kulikuwa na mtu anayefanya kazi yangu, na kwamba alikuwa amekwisha kunitangulia.

Mwezi uliopita nilirudi Kalemie kwa matanga ya Papa Kisimba, aliyekuwa mkuu wa ujenzi pale katika miaka ile ya Zaire. Familia iliniomba niseme machache. Nikasimama mbele ya watoto na wajukuu wake, nikasema kwamba alinifundisha kulisikiliza zege kabla ya kulipima, kwamba hakupata kumdharau mtu kwa sababu ya mavazi au shule yake, na mengine ya namna hiyo, yote ya kweli. Katika safu ya pili alikaa Feza, niliyefanya naye kazi miaka ile, kitambaa cheusi kichwani, miwani puani, mikono imetulia juu ya magoti. Alinitazama mpaka nikamaliza. Nilipoketi alikuja kando yangu akanong'ona, akiniita Yaya, yaani dada, kama zamani: “Yaya Ngoie, umesema muzuri. Lakini ile ya simu hukuisema.” Nikamjibu kwamba matangani si mahali pake. “Basi iandike,” akasema. “Kuandika, njo kazi yako.” Hakusema kwa ukali, wala hakujua kwamba maneno hayo nilikuwa nimeyasikia zamani kutoka kinywa kingine, nyuma ya ukuta wa matete, na kwamba yalinichoma wakati ule kama yalivyonichoma sasa. Nimechukua wiki tatu kuamua nianzie wapi. Nimeanzia kwenye mlio.

Kazi iliyonipeleka Kalemie inaelezeka kwa maneno machache. Mwaka ule mawe ya ujenzi yalikuwa adimu, si kwa sababu milima ilikwisha, bali kwa sababu mashine ya kuyavunja ilikuwa imesimama ikisubiri mkanda, na lori la kuyabeba lilikuwa limesimama likisubiri magurudumu. Kando ya bandari, kwa upande mwingine, kulikuwa na maghala ya kale ambayo paa zake zilikwisha kuanguka na sakafu zake kupasuka. Papa Kisimba aliuliza swali ambalo profesa wangu wa Lubumbashi alilipenda mara moja: kwa nini tusizivunje sakafu hizo, tukapata kokoto za kutengenezea zege jipya? Tatizo lilikuwa moja. Jiwe linalotoka katika zege la zamani halitoki tupu. Hutoka limevaa ganda la saruji na mchanga wa wakati ule, na ganda hilo lina vitundu visivyohesabika. Unapochanganya zege jipya, ganda hunywa maji yaliyokusudiwa saruji, na zege linabaki dhaifu. Nilitumwa kwa mwaka mmoja nitafute njia ya kuliondoa ganda, au kulituliza kiu. Nilikuja na makala ya Kifaransa iliyonakiliwa kwa mashine, ambayo ilipendekeza tindikali. Niliagiza chupa sita za tindikali kutoka Lubumbashi, nikaanza kusubiri. Nilisubiri vizuri sana. Nilitengeneza majedwali matupu, yenye mistari iliyonyooka, ya kujaza tindikali itakapofika.

Asubuhi ile ya mngurumo nilishuka uani nikamkuta Feza amepandisha pipa juu ya mategemeo mawili ya mbao, limechomekwa bomba katikati kama mshikaki, na analizungusha kwa mkono. Alikuwa mfanyakazi wa maabara, kama tulivyokiita kile chumba kilichokuwa zamani cha mhunzi: aliajiriwa kufagia, kisha akaachiwa kupima uzito, kisha kuandika uzito. Alitoka Mpala, alisoma ufundi kwa masista, na alinizidi urefu kwa kichwa kizima.

“Unafanya nini?” nikamwuliza.

“Ninaosha, Yaya.”

“Unaosha mawe?”

“Nimeyaloweka siku tatu sawa mihogo. Muhogo ukikaa ndani ya maji, ganda inaachia. Nikasema tujaribu na jiwe.” Akacheka, akafuta jasho kwa kiwiko. “Lakini jiwe iko na kichwa nguvu kupita muhogo. Haiachie yenyewe. Njo nikayatia ndani ya pipa yapigane.”

Akafungua kifuniko. Yale maji yalikuwa mazito, ya kijivu, kama uji wa mgonjwa; na mawe aliyoyatoa chini yake yalikuwa ya mviringo, mengine yakionyesha rangi yao halisi, weusi wenye madoa, kama yametoka mtoni siku ileile. Nilichukua moja. Nilitafuta kasoro kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Nilichopata kusema ni kwamba hakuomba ruhusa ya kutumia pipa.

Nataka niwe sahihi kuhusu wivu wangu, kwa kuwa watu husema wivu ni moto, na wangu haukuwa moto. Ulikuwa kipimo. Niliamka nao, nikala nao, nikaupeleka maabara ukiwa safi na umenolewa. Kila alichofanya Feza nilikilinganisha na ambacho ningekifanya mimi, na hesabu ilitoka daima upande mmoja. Mfano ni ule wa shavu. Kokoto zilizooshwa zinapaswa kuingia katika zege zikiwa zimeshiba maji kwa ndani lakini kavu usoni. Zikiwa na maji usoni zinalegeza zege, zikiwa na kiu zinalinyang'anya maji. Mimi nilikuwa na utaratibu wa kulitambua hilo: sufuria, jiko la makaa, mizani, saa, na hesabu ya kurasa mbili. Feza alizitandaza juu ya mikeka, akazipindua kwa mguu, na kila baada ya muda aliokota moja akaibandika shavuni. Ikimlowesha, bado. Ikimvuta ngozi, imepita. Ikikaa tu shavuni, baridi na kimya, alikuwa akisema, “Hii iko tayari.” Nililipima shavu lake mara tisa kwa mizani yangu bila kumwambia. Lilipishana na mizani mara moja, na nilipochunguza nikakuta mizani ndiyo iliyokuwa imeegemea kipande cha mbao.

Chakula tulikula gite, mezani kwa Mama Zaina, mpishi, mwanamke mnene mwenye sauti nyembamba aliyepika sombe, majani ya mihogo, mpaka ikawa laini kama mafuta na ambaye hakuruhusu mtu aondoke kabla ya bukari, ugali wetu, kwisha. Chumba cha kulia kilitenganishwa na jiko kwa ukuta wa matete tu, na yaliyosemwa jikoni yalikuja mezani pamoja na moshi. Papa Kisimba alipenda kupita huko mchana akiwa ameilegeza abakosti yake, koti la wanaume wa enzi ile, akisimama karibu na moto akichokoa miiba ya mikebuka, samaki wa ziwani. Siku moja nilifika mapema. Nilikaa, nikafunua kaye yangu, daftari la vipimo, na nikasikia Mama Zaina akiuliza kama ni kweli wale wasichana wawili hawasemeshani.

“Wanasemeshana,” akasema Papa Kisimba. “Ule wa chuo anasema, Feza anaitikia.”

“Na nani anajua kazi?”

Nilisikia akitema mwiba. Alikuwa mtu wa haki, na ninafikiri alikuwa anapima. “Ule wa chuo kuandika anajua, njo kazi yake. Lakini jiwe, Mama Zaina, jiwe inamujua Feza.”

Mama Zaina akacheka kwa ile sauti yake nyembamba, akaniletea sahani, akanikuta nimekaa. “Eh, Mama yangu! Uko hapa tangu saa ngapi?” Nilisema nimefika sasa hivi. Nilikula bukari yote, kipande kwa kipande, na nikaisifu. Nimefikiri mara nyingi kuhusu kauli ile ya Papa Kisimba, na kinachonisumbua ni kwamba haikuwa na dharau ndani yake. Angenidharau ningepata nafuu.

Haki inanitaka niseme kwamba nami nilitoa kitu. Nilipendekeza kwamba kokoto zilizooshwa na kukaushwa zivishwe kwanza uji mwembamba wa saruji, zigeuzwe-geuzwe mpaka kila moja ing'ae, na ndipo mchanga na saruji iliyobaki ifuate. Uji uliziba vile vitundu vilivyosalia. Michemraba ya majaribio tuliyoifyatua kwa njia hiyo ilistahimili mashine ya kukandamiza kiasi cha kumfanya Papa Kisimba avue kofia. Nilimwandikia profesa barua ya kurasa nne, nikaandika “sisi” mahali pote, nikidhani kwamba neno hilo lingejigawa lenyewe kwa haki. Jibu lilikuja na mfuko wa posta, na kwa kuwa liliandikwa kwa idara, Papa Kisimba alilifungua mezani akalisoma kwa sauti, akikitafsiri Kifaransa chake sentensi kwa sentensi. Profesa alimpongeza Sitwayeni Feza, yaani raia Feza, kama tulivyoitana wakati ule, kwa njia aliyoiita rahisi na ya busara, akaniagiza niieleze njia hiyo kwa uangalifu katika tasnifu, pamoja na jina la mwenyewe. Kuhusu tindikali, akasema niiache. Wote walipiga makofi. Feza aliinamisha kichwa akasema, “Mungu wangu, hata mimi?” Nami nilipiga makofi. Nilipiga manane. Siku ya tatu yake tindikali ilifika, chupa sita, hakuna hata moja iliyovunjika.

Sasa nifike kwenye rundo la tatu. Ua wetu ulikuwa na desturi ambayo Papa Kisimba alikuwa ameiweka mwenyewe: kila rundo la kifusi lilichomekwa kibao, na juu ya kibao iliandikwa kwa chaki mistari mitatu, yaani limetoka wapi, limevunjwa na nani, limepimwa na nani. Rundo lisilo na mistari mitatu halikuguswa. Rundo la kwanza na la pili yalitoka kwenye maghala ya pamba na ya mahindi. La tatu lilivunjwa wakati Feza alipokuwa Mpala, alikokwenda siku kumi kumwangalia mama yake mgonjwa, na nilikuwa nimebaki peke yangu na furaha ya siri ya mtu aliyeachiwa nyumba. Nilisimamia uvunjaji mwenyewe. Lile lilikuwa ghala la chumvi iliyokuwa ikivushwa kutoka Kigoma. Sakafu yake ilikuwa imeota weupe kama unga katika nyufa. Nilichukua vipande vitano, nikavisaga, nikavichemsha, nikayadondoshea maji yake dawa ya kupimia chumvi. Tone likageuka maziwa, dalili ya chumvi. Yote matano. Niliandika hayo katika kaye yangu kwa mwandiko mzuri, saa na yote.

Kwenye kibao niliandika “Ghala la tano”, bila neno chumvi, na majina ya wavunjaji. Mstari wa tatu niliuacha kwa sababu chaki ilikwisha mkononi mwangu. Hilo ni kweli, ilikwisha. Kesho yake chaki nyingine ilipatikana, na sikuiandikia. Kesho kutwa pia. Sikuwa nimeamua lolote. Ninasisitiza hilo si kujitetea, bali kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: sikuwahi kuamua kunyamaza, nilikuwa naahirisha kusema, siku moja baada ya nyingine, kwa sababu nilizoweza kuzieleza. Kilikuwa kitu changu. Katika ua ule ambapo kila jiwe lilikuwa linamjua Feza, hiki kimoja kilinijua mimi.

Alirudi na mikebuka mikavu aliyofungiwa na mama yake kwenye majani, nusu yangu. Alinikabidhi akiwa bado na vumbi la njia, kisha akatazama uani.

“Yaya, ile rundo ya tatu umeiangalia?”

“Nimeiangalia,” nikasema.

“Aksanti. Nilikuwa naogopa nitakuta kazi imelala.”

Ndivyo nilivyodanganya, kwa neno la kweli. Akaloweka rundo la tatu siku tatu, akaliingiza pipani, na mngurumo ukaanza tena. Papa Kisimba alikuwa na desturi nyingine, ya ulimi: kila rundo, kabla halijachanganywa, aliliokotea jiwe akalilamba, kwa kuwa alizeeka akijenga kando ya masoko ya samaki na aliijua chumvi ilivyo. Alililamba jiwe lililooshwa, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Maji ya Feza yalikuwa yameondoa chumvi ya usoni. Iliyokuwa ndani ya ganda lililosalia, ulimi haukuweza kuifikia. Kuosha kwake, kuzuri kuliko kote, ndiko kulikomdanganya mzee.

Kisha michemraba ya siku saba ikatoa namba kubwa kuliko zote za mwaka ule. Papa Kisimba alizunguka mashine akiipiga kwa kiganja kama mtu anayempongeza ng'ombe. Mimi nilijua sababu: chumvi huliharakisha zege, hulifanya liwe na nguvu mapema, kisha ikikutana na nondo huanza kuzila, taratibu, kutoka ndani, kutu ikivimba na kulisukuma zege mpaka linabanduka vipande. Zege lisilo na nondo lingeweza kusamehe. Lakini Papa Kisimba, kwa sababu ya namba ile, alilichagua rundo la tatu kwa kazi ya kwanza kubwa: paa la zege, lenye nondo, la kibaraza cha zahanati iliyokuwa ikijengwa Kabalo, mbali barani, ng'ambo tu ya kituo cha reli cha huko, mahali ambapo wanawake wajawazito wangekaa kusubiri zamu. Feza angekwenda kusimamia. Lingemwagwa Jumamosi, wakati wa salongo, kazi ya lazima ya umma, ili mji mzima usaidie kubeba ndoo.

Nilifanya hesabu, kama nilivyozoea. Halitaanguka mwaka huu, nilijiambia. Huenda halitaanguka kabisa. Huenda kuosha kumepunguza chumvi mpaka haina madhara. Ningeweza kulipima tena baada ya kuoshwa, na dawa nilikuwa nayo. Sikulipima. Lingekuwa safi, ningebaki sina kitu. Lingekuwa chafu, ningelazimika kusema. Na chini ya hesabu hizo kulikuwa na moja ambayo sikuiandika popote: likibanduka, baada ya miaka kumi, watakumbuka ni njia ya nani.

Behewa lenye kokoto liliondoka Alhamisi. Feza alipanda na kapu lake, akanipungia mkono, akapiga kelele juu ya kelele za kituo: “Yaya, ukiwa na mwaliko wa bukari kwa Mama Zaina, kula ya kwangu pia!” Ijumaa alasiri nilipita uani kwenda kuchukua mizani. Mahali pa rundo la tatu palibaki alama ya mviringo ardhini, kokoto chache zilizosahauliwa, na kile kibao, bado kimesimama, ambacho tangu Feza aliporudi nilikuwa nakikwepa. Nilikitazama kwa mbali nikadhani macho yananidanganya. Mstari wa tatu ulikuwa umejazwa. Mwandiko ulikuwa wa Feza, mkubwa, wa masista: *Limepimwa na Yaya Ngoie.*

Alikuwa amekuta pengo kabla ya kuliloweka rundo, akakumbuka jibu langu, akafikiri kwamba nimesahau kujipa haki yangu, naye akanipa. Nilisimama pale mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama naumwa. Kisha nikaokota zile kokoto chache, nikaingia maabara, nikazipasua, nikazisaga, nikadondosha dawa. Maziwa. Mepesi kuliko mara ya kwanza, lakini maziwa. Nimejiuliza katika miaka yote hii kama nilichofanya baadaye nilikifanya kwa ajili ya wanawake wa Kabalo au kwa ajili ya jina langu lililokuwa juu ya kibao. Nimejaribu kulitenganisha moja na lingine kama Feza alivyotenganisha jiwe na ganda lake, na sikupata pipa la kazi hiyo. Ninajua tu kwamba kabla ya kibao kile nilikuwa nimenyamaza siku kumi na tisa, na kwamba nilipokwenda ofisini kwa Papa Kisimba jioni ile nikaambiwa amekwenda Moba na atarudi Jumapili, nilijisikia nimepata ahueni. Na ahueni ile ndiyo iliyonitisha kuliko kitu chochote.

Jumamosi saa mbili asubuhi nilikuwa kituoni. Simu pekee iliyofika Kabalo ilikuwa ya reli, ya kuzungushwa kwa mkono, na ilikaa katika chumba cha mbele chenye dirisha lisilo na kioo. Kwa kuwa ilikuwa salongo, kibaraza kilijaa watu wenye mafagio na makoleo, wake kwa waume, wakifagia polepole na kutaniana. Mwendesha simu, Papa Kabwe, alinitazama juu chini na kaye yangu kifuani.

“Sitwayeni, hii si simu ya mapenzi.”

“Ni kazi ya zahanati ya Kabalo. Ni haraka.”

“Haraka ya chuo ama haraka ya kweli?”

“Ya kweli, Papa.”

Akazungusha. “Alo! Alo Nyunzu! Nyunzu, unalala? Nipe Kabalo!” Tulisubiri Nyunzu, kituo cha katikati, iamke, tukasubiri Kabalo ijibu, tukasubiri mtu atumwe ng'ambo ya reli kumwita Feza. Papa Kabwe akanipa mkono wa simu. “Sema kwa nguvu. Hii waya inakula maneno.”

“Alo? Yaya?” Sauti yake ilikuja kama kutoka chini ya maji, ikihema. “Kuko nini? Ni Mama?”

Sikuwa nimewaza kwamba atadhani mama yake amekufa. “Hapana! Mama hana neno. Ni rundo la tatu!”

“Limefanya nini?”

“Lina chumvi.”

“Nini?”

“Chumvi!” Nilipiga kelele. Nje ya dirisha fagio la kwanza likasimama. “Limetoka ghala la chumvi! Msilimwage juu ya nondo!”

“Papa Kisimba alililamba, Yaya.”

“Alilamba juu! Chumvi iko ndani! Nimepima!”

“Umepima leo?”

Mafagio yote yalikuwa kimya sasa. Ningeweza kusema jana. Ingekuwa kweli, kama lile neno langu lingine lilivyokuwa kweli. “Nilipima ulipokuwa Mpala,” nikasema. “Siku sita kabla hujarudi.”

Waya ulivuma. Nyuma ya uvumi huo nilisikia kitu nilichokifahamu: mngurumo wa chini, wa kwenda na kurudi, wa pipa la kuchanganyia zege likizungushwa kwa mkono.

“Nilikuuliza,” akasema Feza.

“Uliniuliza.”

“Ukasema umeiangalia.”

“Nilisema.”

Hakunitukana. Nilisikia mkono wa simu ukiwekwa juu ya meza, hatua zikikimbia, halafu sauti yake kwa mbali, ile ya kichwa kizima juu ya wengine: “Musimamishe! Muache ndoo! Ile ya pembe muitoe mbele haijaganda!” Watu wakalalamika, mmoja akacheka, yeye akarudia. Mngurumo ukapungua. Nikauhesabu, mzunguko mmoja, nusu ya mwingine, ukanyamaza.

Nilingoja. Papa Kabwe hakunitazama tena. Nilidhani waya umekatika, na sehemu yangu moja iliomba iwe hivyo.

“Yaya.” Alikuwa amerudi, anahema. “Ile kaye yako iko hapo? Ile unafichaka?”

“Iko mkononi.”

“Niko na kalamu. Nataka kujua chumvi ni kiasi gani, na mawe mangapi, na tutafanya nini na haya yaliyobakia. Soma yote. Pole pole.”

“Kuna watu hapa,” nikasema.

“Hata hapa kuna watu. Soma.”

Nikaufungua ukurasa juu ya meza ya Papa Kabwe, nikauzuia kwa kiganja kwa sababu upepo wa ziwa ulikuwa unaingia dirishani, na nikasoma kwa sauti iliyofika kibarazani. “Rundo la tatu. Limetoka ghala la chumvi.” Nikasubiri kalamu yake. Kisha nikaongeza maneno ambayo hayakuwa katika kaye. “Limepimwa na Ngoie.”